Sura ya Saba: Ruta Isiyomsikia Mtangazaji

Sahani ya somsa, sambusa za kuokwa, ilikuwa mezani, imefunikwa kitambaa cha maua, na hakuna hata moja iliyoguswa. Kapteni Oydin Rahmatova aliitazama sahani kwanza. Kisha akamtazama kijana aliyekaa ng'ambo ya meza na pingu mikononi.

"Nani kakuletea?"

"Mwalimu wangu."

"Hamroqul-aka?"

"Ndiye. Jana jioni. Mke wake kazipika mwenyewe kwenye tanuri."

"Na mbona huli?"

Ravshan akainua mabega, akayashusha. Alikuwa fundi mitambo chini ya Hamroqul, aka, yaani kaka, wa mafundi wote, kwenye Anhor, kampuni iliyosambaza televisheni na intaneti mji mzima wa Margilan na mitaa yake hadi chini ya milima. Ving'ora vya tahadhari navyo vilining'inia kwenye mtandao huohuo. Alfajiri ya Jumatano tope lilipoporomoka kutoka mlimani, mitaa minne ilisikia ving'ora kwa kuchelewa. Mtaa wa tano, Chilon, haukusikia kitu. Bibi mmoja, Sabohat, alifukuliwa kitandani mwake, shuka bado imemfunika hadi kidevuni.

Jana mchana Ravshan aliapa kwamba hajui lolote. Jana jioni somsa ziliingia. Kabla hazijapoa, alikuwa amekiri. Na leo alasiri gari lingemchukua kumpeleka kwa mwendesha mashtaka, Fergana, na kutoka huko hakuna anayerudi kwa kusema samahani nilikosea.

"Tuanze upya," Oydin alisema. "Ulifanya nini?"

"Nimeshamwambia sajini."

"Sajini Sobit anajua kufunga watu. Mimi niliunganisha nyaya za Anhor miaka sita kabla sijavaa sare hii. Niambie mimi."

Mlangoni, Sajini Sobit, mwanamume mpana kama kabati, alikohoa.

Ravshan alianza kusema, na alisema kama anayesoma. Alichukua ruta ndogo ya majaribio, kisanduku cha kuelekeza mawasiliano ya mtandao. Akaipa namba kubwa kuliko ruta kuu ya kampuni. Akaifanya ijitangaze kuwa nyumba ya kukutania. Mtangazaji wa mtandao akaiamini, ruta zote zikamfuata mtangazaji, na chaneli zote zikaanza kupitia kisanduku chake, zile za mpira za kulipia zikiwamo, ili zitazamwe bure. Jumatano umeme ulikatika, ruta yake ikazimika, na tahadhari ikapelekwa kwenye nyumba iliyokufa.

"Ulijitangaza kwa chaneli zipi?"

"Zote."

"Za televisheni tu au na ving'ora?"

"Niliandika zote. Sikufikiria."

"Ruta hiyo iko wapi sasa?"

"Nimeitupa mtoni."

"Na kwenye ruta za mitaani uliandika nini?"

Kwa mara ya kwanza Ravshan aliinua macho, na kwa mara ya kwanza alijibu kama fundi, si kama mtuhumiwa. "Niandike nini? Opa, dada yangu, we si unajua. Mtangazaji anaziambia zenyewe. Ukishamdanganya mtangazaji, umemaliza kazi. Kuzunguka kuandika ruta moja moja kwa mkono ni mambo ya wazee." Alikaribia kucheka. Halafu akakumbuka alipo, akainamisha kichwa.

"Hukugusa ruta yoyote ya mtaani?"

"Hata moja."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Oydin akainuka. Alipofika mlangoni Ravshan akamwita.

"Opa. Usimsumbue mwalimu. Ana msiba. Sabohat ni dada yake."

"Najua," Oydin alisema. "Nilikuwa mazishini."

*

Garini Sobit alivumilia hadi walipopita soko la hariri, kisha uvumilivu ukamwishia.

"Opa, mimi kichwa changu kimejaa ugali wa namba. Nyumba ya kukutania, mtangazaji, sijui nini. Nieleze kama unavyomweleza mama mkwe wako."

"Mama mkwe wangu angeelewa haraka kuliko wewe."

"Haya, nimekubali. Nieleze."

"Gashtak yenu wiki hii mnakula kwa nani?"

Sobit alikuwa na gashtak kama mwanamume yeyote wa bondeni, kundi la marafiki wanaokutana kwa zamu nyumbani kwa mmoja wao, wakila pilau na kutaniana hadi chai inaisha. "Sijui bado," alisema. "Mkuu wetu hajatangaza."

"Akitangaza?"

"Naenda."

"Humpigii simu mwenye nyumba kumuuliza kama kweli kakubali?"

"Nimhoji mkuu wa gashtak? Nina wazimu?"

"Basi ruta ndivyo zilivyo. Mwenye kitu cha kutuma, picha au king'ora, hajui ni nani anakitaka. Anayekitaka hajui kinatoka wapi. Kwa hiyo wanakubaliana nyumba moja. Huyu analeta, yule anakwenda kuomba, wanakutana. Asiyeomba hasumbuliwi. Kwenye mtandao mzima yuko mkuu mmoja, mtangazaji, wa kutangaza nyumba ni ipi. Zinazotaka kuwa nyumba zinajitaja kwake, yeye anachagua yenye namba kubwa."

"Mkubwa ndiye anayestahili."

"Ndivyo tulivyofikiri. Tuliupanga mtandao kama tunavyopanga vikao vyetu. Kuna njia ya kumwambia mtangazaji akubali watu fulani tu na wengine awafukuze. Hatukuiweka. Ilionekana utovu wa adabu, kumwuliza mgeni kitambulisho."

Sobit alikata kona. Kisha akaguna. "Ngoja. Kama kila kitu kinapitia nyumba ya kukutania, tangazo lenyewe linapita wapi? Si bado hawajui nyumba?"

Oydin alimgeukia. "Sobit, na wewe husema kichwa chako kimejaa ugali."

"Jibu, opa."

"Tangazo halipiti nyumbani kwa mtu. Linamwagwa. Kila ruta inampa kila jirani, anayetaka na asiyetaka, vichochoro vyote, kama muuza maziwa anavyopiga kelele asubuhi. Asiyetaka anafunga mlango. Kwa hiyo ndani ya mtandao mmoja kuna njia mbili. Tangazo linamwagwa. Mengine yote yanaombwa."

"Na tangazo likikoma?"

"Ruta zinangoja dakika chache. Lisiporudiwa, zinasahau nyumba hiyo na kumfuata mwingine. Ndiyo maana mitaa minne ilichelewa tu. Nyumba ya uongo ilikufa, zikaisubiri, zikachoka, zikarudi kwenye nyumba ya kweli. Ving'ora vikalia."

"Na Chilon?"

"Chilon ruta yake ilizama kwenye tope. Haikuwa na muda wa kusahau."

"Nani kasema ilizama?"

"Hamroqul-aka," Oydin alijibu, na hilo lilikuwa limetosha kwa siku tatu.

*

Chumba cha mitambo cha Anhor kilinuka chai ya kijani na vumbi lililopashwa moto. Ukuta mzima ulikuwa televisheni ndogondogo. Chini yake alikaa Mastura-opa, msikilizaji wa simu za wateja, mwanamke wa makamo mwenye vidole vilivyojaa pete na ulimi usiojua kupumzika.

"Umekuja kumtoa mtoto wa watu?" alimpokea Oydin. "Maana mkija na sare huwa hamji kutoa, mnakuja kuchukua."

"Shikamoo, opa."

"Marahaba. Kaa. Sobit, wewe usikae kile kiti, kitavunjika."

Oydin alifungua kompyuta. Tangu Jumatano alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kubadilisha neno kwenye ruta yoyote. Kutazama kuliruhusiwa, kuandika hapana. Alianza na ruta ya Toshko'prik, mtaa wa kwanza bondeni, akaiuliza swali lile alilofundishwa na Hamroqul mwaka wake wa kwanza wa kazi, mzee amesimama nyuma ya kiti cha mwanafunzi wake na kikombe mkononi. *Usiiulize inajua nini, binti yangu. Iulize imesikia kwa nani.* Maana ruta hukumbuka yote mawili: nyumba ya kukutania ni ipi, na nani aliyeitajia.

Toshko'prik ikajibu: nyumba ni ruta kuu. Nimesikia kwa mtangazaji.

Ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo. Ya nne pia, na zote zilikubaliana kwamba zilianza kuiamini ruta kuu muda uleule, alfajiri ya Jumatano, nyumba ya uongo ilipokwisha kusahauliwa. Mashahidi wanne wenye ushahidi mmoja. Jambo hilo lilimuunga mkono Ravshan katika kukiri kwake, neno kwa neno.

"Unaona?" Sobit alisema kwa unyonge. "Hajadanganya."

Simu ikalia. Mastura-opa akaipokea, akasikiliza, akazungusha macho. "Ndiyo, ndugu. Ndiyo. Tunajua. Poleni na msiba. Picha itarudi, in shaa Allah." Akaikata. "Chilon hao. Tangu juzi hawanipi nafasi ya kunywa chai. Watu wamefiwa, nusu ya mtaa imo kwenye tope, na bado ananiuliza tamthilia yake iko wapi. Nikamwambia, kaka, washa intaneti utazame huko. Akaniambia ndiyo anafanya hivyo lakini simu ni ndogo, mke wake haoni."

Mikono ya Oydin ilisimama juu ya vitufe.

"Rudia, opa."

"Mke wake haoni, ana mtoto wa jicho…"

"Si mke. Intaneti. Chilon wana intaneti?"

"Wale wa juu, ambao tope halikuwafikia, wanayo tangu umeme urudi. Televisheni ndiyo hawana. Mimi nikasema labda waya."

"Waya ni mmoja," Oydin alisema polepole. "Intaneti na televisheni zinapanda Chilon kwa waya mmoja na kupita kwenye ruta moja."

"Basi ruta ni nzima," Sobit alisema.

Oydin aliandika namba ya ruta ya Chilon. Kwa siku tatu hakuijaribu. Mbele ya kabati la mitambo, siku ya kwanza, Hamroqul alikuwa ameupitisha mkono wake juu ya ramani ukutani na kusema, *hii iache, imezama, Mungu airehemu,* naye Oydin akaiacha, maana aliyesema ni mtu ambaye dada yake alikuwa ndiyo kwanza amefukuliwa kwenye tope hilohilo.

Ruta ya Chilon ilijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa ameketi akingoja kuulizwa.

Oydin aliiuliza: nyumba ya kukutania ni ipi?

Ikaitaja. Haikuwa ruta kuu. Ilikuwa ile ya uongo, iliyokufa siku tatu zilizopita.

Umesikia kwa nani?

Hapo mahali ambapo ruta nne nyingine zilimtaja mtangazaji, ya Chilon haikumtaja mtu. Haikusikia kwa yeyote. Iliandikiwa. Na mbele ya maandishi hayo kulikuwa na amri ndogo, ya kusisitiza kwamba hata mtangazaji akitangaza vingine, isimsikilize.

"Ni nini?" Sobit aliuliza. "Opa, uso wako umebadilika."

"Imeandikwa kwa mkono. Zote nyingine zilidanganywa, zikasahau, zikapona. Hii haikudanganywa. Iliamrishwa. Haiwezi kusahau hata ikitaka. Ndiyo maana king'ora cha Chilon hakikulia, na hata sasa hivi hakiwezi kulia. Intaneti haipitii nyumba ya kukutania, ndiyo maana wao wanayo."

"Na Ravshan anaapa hakuandika popote."

"Ravshan hajui kwamba imeandikwa. Mtu anayekiri kosa hasahau sehemu iliyoua." Alijaribu neno la siri la kampuni ili aifungue ruta aweze kuandika. Ilikataa. Akajaribu tena, herufi kwa herufi. Ilikataa. Ruta zote tano zilipaswa kuwa na neno moja. Mtu fulani alikuwa ameipa hii la kwake peke yake.

"Mastura-opa," Oydin alisema bila kugeuka, "nani humu ndani bado anaandika ruta kwa mkono?"

Mastura-opa alikuwa ameacha kuzungusha pete zake. "Unaniuliza kitu unachokijua."

"Nataka kukisikia."

"Vijana hawaandiki. Wanamcheka. Yeye akishaweka kitu kwa njia ya tangazo, lazima aende na kukiandika mwisho wa waya, kwa mkono wake, ndipo alale. Husema tangazo ni upepo." Sauti yake ilishuka. "Lakini Oydin, Sabohat ni dada yake. Dada yake wa kwanza, aliyemlea."

"Chaikhana ya Chilon, ule mgahawa wa chai wenye televisheni kubwa ya mpira, ni wa nani?"

"Bahodir. Mtoto wa Sabohat." Mastura-opa aliweka mkono mdomoni. "Ee Mungu wangu."

Dirishani, juu ya milima, mawingu yalikuwa yameanza kushikana, yenye rangi ya risasi.

*

Waliingia Chilon gari likiteleza. Tope lilikuwa limekauka juu na kubaki uji ndani. Miti ya mforosadi ilisimama ndani yake hadi viunoni. Nje ya nyumba ya msiba mabenchi yalipangwa kandokando ya ukuta, na wanaume wa familia walisimama langoni katika machopon, majoho yao ya bluu, mishipi ya msiba imefungwa viunoni, kofia vichwani. Wa kwanza katika safu alikuwa Hamroqul-aka, mrefu, mweupe ndevu. Aliyemfuata alikuwa Bahodir, macho yamevimba. Kutoka ndani kilio cha wanawake kilipanda na kushuka.

Oydin na Sobit waliketi kwanza, kama inavyopasa. Dua ikasomwa, mikono ikapitishwa usoni. Ndipo Hamroqul akasogea na kumshika Oydin bega.

"Asante kwa kuja tena, binti yangu. Umekonda. Huli?"

"Hamroqul-aka, naomba neno la siri la ruta ya Chilon."

Mkono wa mzee ulibaki begani. "Ruta ya Chilon imezama. Nilikwambia."

"Nimetoka kuzungumza nayo."

Sasa mkono uliondoka.

"Leo si siku yake, Oydin."

"Siku imechaguliwa na mvua." Alionyesha milima kwa kidevu. "Nyumba za juu bado zina watu. King'ora kiko pale juu ya nguzo, betri yake nzima, na ni kiziwi. Kitaendelea kuwa kiziwi hadi mstari ule ufutwe, na mimi siwezi kuufuta, kwa sababu aliyeuandika alibadilisha neno la siri."

"Muulize Ravshan. Amekiri."

"Ravshan amekiri kisanduku. Mstari hakuukiri." Oydin aliteremsha sauti. "Ulimpa nusu ya kosa, aka. Ulipompelekea somsa ulimfundisha aseme nini, lakini mstari hukumwambia, maana angekuuliza kwa nini uliandikwa Chilon na si kwingineko. Yeye hakuandika Chilon. Hana ndugu Chilon. Namba za kile kisanduku ulizitoa kwenye meza yake ya majaribio, zituongoze kwake, na siku nilipokuja kumkamata wewe ndiye uliyenifungulia mlango."

Hamroqul alitazama kushoto na kulia. Wanaume wa benchi la karibu walikuwa wameacha kuongea.

"Yeye ni kijana," alisema kwa pumzi tu. "Watampa miaka miwili, atatoka, ataoa. Mimi wakinifunga sitoki. Na mimi nikiondoka, ving'ora vya bonde hili nani atavitunza?"

"Vimetunzwa na nani hadi leo?"

Mzee alifumba macho. Aliyafumbua akitazama, si Oydin, bali chaikhana iliyokuwa ng'ambo ya barabara, paa tu na nusu ya madirisha juu ya tope. "Ilikuwa ni mpira tu," alisema. "Bahodir alikuwa karibu kufunga biashara. Nikasema nitaweka kisanduku kwenye ghala lake, hakuna atakayepungukiwa. Sabohat naye alipenda tamthilia zake, kila mara picha ilipokatika alinipigia kunitukana. Nikaandika mstari ili isikatike. Kwa ajili yake. Nilisahau ving'ora vinapita njia hiyohiyo."

"Hukusahau. Ni wewe uliyeviunganisha."

"Mimi ndiye niliyekufundisha kazi, Oydin."

"Ndiyo. Ulinifundisha niulize imesikia kwa nani. Siku tatu sikuuliza, kwa sababu uliyesema ni wewe." Alifungua kompyuta na kuiweka juu ya benchi, kati ya mkate na birika. "Hukuninyima neno la siri tu, ulininyima ukweli, na mimi nikakupa mkono wa pole. Andika."

Tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya kioo cha kompyuta. Hamroqul alilifuta kwa mkono wa chopon yake. Kama angeandika, angekuwa ametia sahihi mbele ya safu nzima ya waombolezaji. Kama asingeandika, kulikuwa na nyumba kule juu, na watoto walikuwa wakichungulia madirishani.

Aliinama. Aliandika kwa vidole viwili, taratibu, kama alivyoandika maisha yake yote. Ruta ikafunguka. Mstari ukafutika. Oydin alihesabu pumzi zake hadi ruta ya Chilon, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, ilipomsikia mtangazaji na kumtaja.

Akapiga simu. "Mastura-opa. Jaribu king'ora cha Chilon."

"Sasa hivi? Si kuna msiba hapo?"

"Sasa hivi."

Kwa muda kukawa na mvua tu. Kisha juu ya nguzo, karibu kabisa na vichwa vyao, king'ora kilinguruma, kikapanda, kikalia kwa nguvu iliyotikisa vikombe benchini. Mbwa walibweka mtaa mzima. Ndani ya nyumba kilio cha wanawake kilikatika ghafla. Wanaume walisimama. Watu wa nyumba za juu walitoka mbio na watoto mgongoni, na Sobit alilazimika kupunga mikono na kupaza sauti, "Ni jaribio! Jaribio tu, jamani, rudini!"

King'ora kilipozima, Bahodir alikuwa amemkabili Hamroqul uso kwa uso.

"Mjomba," alisema. "Uliniambia kitu hiki kiliharibika."

Hamroqul aliinua macho kuelekea nguzo.

"Kilikuwa kizima? Mjomba. Mama alipokuwa amelala, kilikuwa kizima?"

Mzee alianza kuufungua mshipi wake wa msiba, vidole vikitafuta mwisho wa fundo. Bahodir alimtazama akihangaika nalo, hakumsaidia. Fundo lilipofunguka alimpokonya mshipi, akaukunja, akauweka kifuani mwake, kisha akahama na kusimama mahali pa kwanza katika safu.

Sobit alimfunga Hamroqul pingu upande wa pili wa gari, ambako waombolezaji hawakuweza kuona. Oydin alisimama chini ya mforosadi na kupiga simu kituoni. Gari la Fergana lilikuwa tayari uani, walimwambia, injini inanguruma. Aliamuru lirudi tupu na akaomba apewe Ravshan.

"Unatoka leo," alimwambia.

"Mwalimu kasema nini?"

"Mstari wa Chilon ni wake, na neno la siri kaliandika mwenyewe. Mbele ya watu."

"Aliniambia ving'ora vitakufa akikosekana. Alinishika kichwa, opa, akaniita mwanangu. Nikasema sawa. Sikujua hata kama umeandikwa mstari. Alinitoa sadaka, na wala hakuniambia kwa kosa gani."

"Nenda nyumbani, Ravshan."

"Nitakwenda." Oydin alisikia kitu kikisukumwa juu ya meza, kauri juu ya mbao. "Lakini hii sahani yake na kitambaa cha mke wake naviacha hapahapa juu ya meza, opa. Sijala hata moja. Mwambieni atavikuta akiletwa."